Moshi wa Chekechea Una Mwenyewe

Juzi asubuhi nilimpeleka mpwa wangu chekechea mtaa wa Bangladesh, kule Mikindani. Chumba ni cha mabati, kina madirisha mawili, na yote yamefungwa. Nikamuuliza mwalimu mbona anawafungia watoto na joto lote hili.

"Kaka, nikifungua, moshi waingia wote," akanijibu, akinionyesha jaa nyuma ya ukuta. Mifuko ya plastiki ilikuwa ikifuka. Na hapo ukumbini, sufuria ya uji imetelekwa kwenye jiko la makaa. Kikohozi cha mpwa wangu nyumbani tulikuwa tukikisingizia maji baridi.

Mtoto wa miaka 4 hupumua haraka kuliko mtu mzima, na mapafu yake bado yanakua. Chembe zinazomdhuru zaidi hazionekani kwa macho. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipunguza kiwango chake cha chembe hizo kwa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Bangladesh sijaona hata kifaa cha kupimia.

Wako watakaosema shule kama hizi zifungwe. Mimi sikubali. Watoto watarudi nyumbani kwenye moshi ule ule, na mama zao watashindwa kwenda vibaruani.

Wapwani wenzangu, fungueni Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Elimu ya chekechea ni kazi ya kaunti. Majaa ya taka ni kazi ya kaunti. Kudhibiti uchafuzi wa hewa, vilevile. Basi afisa wa elimu akikwambia taka si idara yake, mwambie mwajiri wao ni mmoja.

Na tusingoje mahakama. Owino Uhuru, huko huko Jomvu, kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi kilifanya kazi ubavuni mwa nyumba za watu tangu 2007 hadi 2014. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Pesa hizo haziwezi kumrudishia mtoto afya aliyoipoteza.

Ninachotaka ni kidogo: gari la taka lipite mapema, anayechoma taka saa za masomo achukuliwe hatua, na jiko litoke ukumbini. Kwa hilo la jiko, mwalimu anasema mabati manne yatosha kibanda. Wazazi tumeshachanga mawili, alhamdulillahi. Jaa ndilo hatuwezi kulihamisha kwa mchango.