Vyuma Visifukiwe, Tufunzwe Kuvinyanyua

Ndugu msomaji, tangu muhula uliopita hakuna mjadala uliochemka hapa shuleni kama huu wa vyuma vilivyo nyuma ya bweni. Mwenzetu mmoja aliteguka bega, akapelekwa hospitali mkono ukiwa umefungwa kwa leso, na tangu siku hiyo tumegawanyika. Baadhi ya walimu wanasema vyuma vifukiwe shimoni kabla mtu hajavunjika shingo. Vijana nao wanalalama ati wakinyimwa vyuma watabaki na vifua vya kuku. Nimezisikiliza pande zote mbili, na kwa maoni yangu zote zimeikosa shabaha. Vyuma havina hatia. Hatia iko katika jinsi tunavyoviendea.

Hebu tuvitazame vyuma vyenyewe. Si vya kununua dukani. Ni makopo ya rangi na ndoo kuukuu zilizojazwa zege, zikachomekwa paipu katikati. Nani amewahi kuvipima? Hakuna! Na hesabu yake si ngumu hata kwa asiyependa fizikia. Lita moja ya zege ina uzito wa karibu kilo 2.4. Kopo la lita 4 basi ni kilo 9 na nusu hivi, na makopo mawili ni kilo 19 kabla hujahesabu paipu. Ndoo ya lita 20 hukaribia kilo 48. Ndoo mbili ni kilo 96, bwana! Huo ni uzito unaolishinda gunia la mahindi la kilo 90. Sasa kijana aliyefika shuleni juzi, yeye mwenyewe ana kilo 50, analazwa kwenye benchi na kuambiwa, "Inua! Wewe ni mwanamume au la?" Jamani, hayo ni mazoezi? Hayo ni mashindano ya ubabe, na ndiyo yaliyomtegua mwenzetu.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mwili nao hufuata sheria hiyo hiyo. Anayeanza mazoezi huona nguvu zikiongezeka katika majuma machache ya mwanzo, akadhani misuli imeshajaa. Kumbe bado. Mwanzoni ni neva zinazojifunza kuiamrisha misuli ifanye kazi pamoja. Misuli hunenepa baadaye, nazo kano zinazoifunga kwenye mifupa huchelewa zaidi kukomaa. Hapo ndipo mtego ulipo. Kijana anajisikia simba, lakini kano za bega lake bado ni za mwanagenzi. Akiongezewa ndoo siku hiyo, atalipia.

Kwa hivyo anayeanza aanze na uzito alio nao daima, yaani mwili wake. Pushapu haihitaji simiti. Anayeshindwa kupiga hata moja asione haya: aanze kwa kuusukuma ukuta akiwa amesimama, kisha ashike ukingo wa benchi lisilotikisika, kisha apige akiwa amepiga magoti, na mwisho apige kamili. Mwili unyooke kama ubao, kiuno kisilegee, viwiko visitanuke kama mabawa. Apige mara 8 hadi 12, apumzike dakika moja au mbili, kisha arudie. Akiweza 12 mara zote mbili bila kupinda mgongo, ndipo apande ngazi inayofuata. Si kabla.

Kosa jingine nionalo kila jioni ni kusukuma tu bila kuvuta. Kila mtu anataka kifua, hakuna anayeujali mgongo. Matokeo yake mabega huvutwa mbele, mtu akatembea kama aliyebeba mzigo usioonekana. Kila siku ya kusukuma iwe na kuvuta pia. Asiyeweza kujivuta kwenye mwamba aanze kwa kupanda stuli mpaka kidevu kiwe juu ya mwamba, kisha ajishushe polepole akihesabu hadi tano. Lakini nawasihi, msining'inie kwenye magoli yasiyofungwa ardhini. Goli la chuma likipinduka huua, wala halimwulizi mtu kama alikuwa anacheza.

Baada ya kuimudu pushapu, chuma kinaruhusiwa, tena chepesi, kile unachoweza kukiinua mara 10 bila kuuma meno. Pumua: toa pumzi unapoinua, ivute unaposhusha, wala usiibane. Usilale chini ya chuma ukiwa peke yako. Awepo mwenzako wa kukidaka. Na ujue kutofautisha maumivu. Uchovu wa misuli unaokuja kesho yake au kesho kutwa ni wa kawaida. Maumivu makali ndani ya kiungo, yanayochoma kama sindano, ni amri ya kuacha papo hapo.

Na kupumzika je? Wapo mabingwa wetu wanaopiga chuma kila siku, Jumapili hata saa ya kufua nguo. Hawajui kwamba misuli hujengeka wakati wa kupumzika. Siku 3 kwa juma zatosha, mathalani Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Na yale maharagwe mnayoyasemea vibaya kila uchao ndiyo matofali ya misuli, pamoja na ndengu, omena, mayai na maziwa vikipatikana. Msiyamwage jamani.

Najua kuna watakaosema kwamba vyuma hudumaza vijana, wakabaki wafupi. Mazoezi yanayosimamiwa vizuri hayamfanyi mtu awe mfupi. Kinachoweza kuudhuru mfupa unaokua ni uzito uliopita kiasi na uinuaji ovyo, yaani hayo hayo tunayoyafanya nyuma ya bweni. Wengine watasema haya si mambo ya wasichana. Dada zetu hubeba mtungi wa lita 20 za maji kutoka mtoni, kilo 20 kamili, na hakuna anayewakataza. Iweje kilo 5 ziwe mwiko? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri wenye miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi kwa wastani wa dakika 60 kwa siku, na angalau siku 3 kwa juma yawemo ya kuimarisha misuli na mifupa. Halikusema wavulana peke yao.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwaka 2015 huko Beijing, Mkenya Julius Yego alirusha mkuki mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Mkuki haurushwi kwa mkono mtupu. Nguvu huanzia miguuni, ikapitia kiunoni, ikamalizikia begani. Naye hakuikisia kazi hiyo gizani. Alitazama video za warushaji wengine, akajifunza mtindo hatua kwa hatua. Kama bingwa alitafuta mafunzo, sisi ni nani hata tujitupe chini ya ndoo za zege?

Walimu wetu wapendwa, ombi langu ni hili. Vyuma visifukiwe. Vipelekwe stoo vipimwe kwa mizani ile ya mahindi na maharagwe, kisha kila kimoja kiandikwe kilo zake kwa rangi. Kilichozidi upande mmoja kivunjwe. Vihamishwe kutoka kule kichakani hadi kando ya uwanja, machoni pa mwalimu wa michezo, na saa za mazoezi zijulikane. Wageni wote wakae majuma 6 na pushapu kabla ya kugusa paipu. Mkivifukia, vijana watatafuta mawe, na mawe hayana hata pa kushikia.

Nanyi wenzangu, mkubwa akikuambia "inua" mbele ya watu, una haki ya kusema "bado". Neno hilo halimpunguzii mtu kifua hata inchi moja. Bega likishateguka mara moja, ni rahisi kuteguka tena, na mwenye bega hilo ndiye atakayeandika mitihani nalo, si wale waliokuwa wakipiga makofi.

Kwa hayo machache naweka kalamu chini. Mwenye hoja na aijibu.