Saa 8 za Dereva

Tangu 2012 sheria ya trafiki yakataza dereva wa basi au lori kuendesha zaidi ya saa 8 kwa siku. Tena basi lisipite kilomita 80 kwa saa. Haya, tupige hesabu. Garissa hadi Mandera kwa njia ya Wajir ni zaidi ya kilomita 600, nyingi zake si za mwendo wa 80. Dereva mmoja atafikaje kwa halali?

Vizuizini askari hutazama vitambulisho na mizigo. Hatulaumu: tarehe 22 Novemba 2014 abiria 28 wa basi waliuawa karibu na Mandera, na askari wengi pia wamekufa katika njia hizi. Lakini ulinzi si trafiki. Nani humwuliza dereva ameshika usukani tangu saa ngapi? Nani hutazama breki na magurudumu? Na muda uliopotea kizuizini, tajiri hutaka ulipwe kwa mbio (abiria nao hupiga kelele!).

Twataka Garissa, Wajir na Mandera wawekwe askari wa trafiki wasiochanganywa na kazi ya vizuizi, wenye daftari la saa za dereva. Na faini imwangukie mwenye basi atumaye dereva mmoja.