Kipimo cha Baruti Hakiokotwi Barazani

Juzi saa nane usiku simu iliita. Nikajua ni msiba, maana nani anakupigia saa hizo bila msiba? Kumbe ni binamu yangu aliyehamia Marekani, na mwenzangu ana furaha tele. Amepata kibali cha kuwinda kulungu kule Montana, na ameamua kutengeneza risasi zake mwenyewe mezani, kama wafanyavyo wawindaji wengi wa huko. Mzee mmoja wa kazini kwake kamwandikia kipimo kwenye kipande cha karatasi: baruti ya 4350, greni kadhaa, na chini yake maneno "nimeitumia miaka 20, haina shida."

"Binamu, unaonaje?" akaniuliza.

Mimi si mwindaji, jamani. Lakini ni mwandishi wa habari, na swali langu ni lilelile kila siku: nani kasema, na kajuaje? Usingizi ukaniisha. Nikakaa kusoma mpaka adhuhuri ya pili, na leo nina maoni.

Kwa wasiojua: risasi ikishafyatuliwa, ganda lake la shaba hubaki. Mtu hulisafisha, huling'oa fataki iliyokwisha kulipuka, huweka mpya, humimina baruti, kisha hukandamiza kichwa kipya juu. Gharama hupungua, na unapata risasi inayoelewana na bunduki yako. Baruti hupimwa kwa greni, na pauni moja ina greni 7000. Hapo macho hayasaidii kitu, ni mizani tu.

Bunduki ya binamu ni ya .30-06, risasi iliyoingia jeshi la Marekani mwaka 1906. SAAMI, taasisi ya viwanda vya silaha na risasi vya Marekani iliyoanzishwa 1926, imeweka ukomo wa mgandamizo ndani ya chemba yake kuwa pauni 60,000 kwa kila inchi ya mraba. Tairi la gari dogo hujazwa kama 30 hivi. Fanya hesabu mwenyewe: ni karibu mara 2000 ya tairi, na uso wako uko hapohapo nyuma yake.

Sasa turudi kwenye karatasi ya mzee. 4350 ipi? Kuna IMR 4350, kuna H4350, kuna Accurate 4350. Namba ni moja, baruti ni tatu, na kila moja ina jedwali lake. Tena kichwa cha uzito gani? Fataki gani? Kichwa kimezamishwa kiasi gani ndani ya ganda? Karatasi iko kimya. Mzee huenda hasemi uongo hata kidogo. Ila anachosema ni kweli ya bunduki yake, na bunduki yake si ya binamu.

Baruti hutofautiana kwa kasi ya kuungua. Ya bastola huungua haraka mno. Ukiijaza kwenye ganda kubwa la bunduki ya kuwindia umejitengenezea bomu. Kichwa kizito kwa kawaida hutaka baruti ya polepole zaidi kuliko kichwa chepesi. Kwa hiyo uchaguzi hauanzi na "baruti gani imebaki dukani". Unaanza na jedwali la sasa la mtengenezaji wa baruti au wa kichwa: unatafuta risasi yako, uzito wa kichwa chako, kisha unaona baruti zipi zimepimwa. Ambayo haimo, achana nayo. Kati ya zilizomo, mimi ningechagua ile inayokaribia kujaza ganda. Mkono ukipitiwa ukamimina mara mbili, itamwagika mezani na utaona. Baruti kidogo ndani ya ganda kubwa huficha kosa hilo.

Halafu unaanzia kipimo cha chini cha jedwali, unapanda kidogo kidogo. Usishuke chini ya hapo pia, maana watengenezaji wanaonya kwamba baruti ya polepole ikiwa pungufu mno inaweza kuleta balaa lake.

Najua kuna wabishi. Watasema: "Hayo majedwali yameandikwa na mawakili, wameweka vipimo vya woga. Mbona vitabu vya zamani vilikuwa na vipimo vikubwa?" Vilikuwa navyo baadhi, kweli. Lakini zamani mgandamizo ulipimwa kwa kuangalia kipande cha shaba kimebondeka kiasi gani. Vyombo vya umeme vilipokuja vikaonyesha kilele ambacho shaba haikukiona. Hapo namba ilishuka kwa sababu watu walijua zaidi, woga haukuhusika.

Wengine watasema wanasoma dalili: fataki kubondeka bapa, bolti kuwa nzito kufunguka. Ndugu zangu, dalili hizo zikitokea mpaka umeshavukwa. Ni sawa na kusubiri moshi ndipo ujue nyumba inaungua.

Na joto je? Waingereza walipoanza kutumia baruti yao ya kordaiti, iliyobuniwa mwaka 1889, waligundua kuwa jua la India na la kwetu Afrika linapandisha mgandamizo. Ndiyo sababu .416 Rigby ya mwaka 1911 ilipewa ganda kubwa na mgandamizo wa chini. Wakubwa wa kazi hiyo waliliheshimu jua, wewe unaacha risasi kwenye dashibodi?

Nimeacha jambo moja mwisho, maana ndilo lililoninyima usingizi.

Baba yake binamu, yaani mjomba wangu, alikuwa na gobole. Miaka yote alilijaza baruti nyeusi kwa kizibo kimoja cha chupa. Siku moja jirani akampa baruti iliyotolewa kwenye risasi za kisasa, akamwambia ni ileile, tena nzuri zaidi. Mjomba akapima kizibo kilekile. Mtutu ulipasuka. Tangu siku hiyo anakula kwa mkono wenye vidole vitatu, na jirani yule hakuwa na nia mbaya hata chembe.

Binamu alikuwa na miaka saba. Aliona.

Asubuhi nilimwandikia maneno machache: "Mkumbuke mzee na kizibo." Alikaa kimya siku nzima. Usiku akanitumia picha: jedwali la mtengenezaji limechapwa na kubandikwa ukutani juu ya meza, na karatasi ya mzee wa kazini imekunjwa chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba.

Huo ndio msimamo wangu. Namba isiyo na chanzo, iwe ya gazetini au ya baruti, mwenye kuilipia ni anayeiamini. Naomba kutoa hoja.