Nguo Kuukuu si Takataka: Jibu kwa Wanaokataa Sanamu za Mitumba

Tuseme mambo wazi. Katika maonyesho yetu ya mwisho hapa Lubumbashi, vijana wawili wa komini Kenya walileta sanamu ya mchimbaji, urefu wa mtu mzima. Mifupa yake ilikuwa waya, nyama yake matambara yaliyokazwa kwa kamba, ngozi yake jinzi na makoti ya mitumba, yaliyoshonwa na kupakwa gundi ya unga wa muhogo. Macho vifungo, mdomo zipu. Shati la kifuani tu halikutoka sokoni. Mama mmoja alilitoa: lilikuwa la mtoto wake aliyefukiwa na udongo ndani ya shimo la shaba.

Kabla wageni hawajaingia, wakubwa wa chama wakaamuru sanamu iondolewe. «Shiye tunaonyesha mila,» wakasema, «hatuonyeshe manguo ya kuchakaa ya bazungu.» Yule mama hakubisha. Aliomba tu arudishiwe shati. Vijana wakafumua mishono palepale, sisi tukitazama.

Tulinyamaza siku ile. Tunaandika leo juu kunyamaza kule kulikuwa kosa.

Wakubwa wetu wanasema sanamu ya Kongo ni ya mti. Nguo si kitu cha kuchongea, na nguo ya mgeni ndiyo mbaya zaidi. Ni nani aliyewafundisha hivyo? Twende pamoja mpaka Kongo-Central, upande wa Luozi, kwa Wabwende. Huko, mwanzoni mwa karne ya 20, alipokufa mtu mkubwa, maiti yake ilikaushwa kwa moshi, kisha ikafungwa ndani ya mikeka, vitambaa na blanketi nyingi, mpaka ikawa sanamu kubwa kuliko mtu, nyekundu, yenye kichwa, mikono na chale za marehemu. Waliiita niombo. Umati uliibeba kwa ngoma mpaka kaburini. Fundi Makoza wa Kingoyi alipata sifa kwa kazi hiyo, na wamisionari wa Uswidi walipiga picha zake. Sasa tuulize: blanketi zile zilitoka wapi? Nyingi zilitoka kwa wafanyabiashara wa Ulaya! Hata hivyo hakuna aliyesema marehemu amezikwa kizungu. Nguo iliyotoka ng'ambo iligeuka mwili wa mzee wa mji.

Tena si lazima kwenda mbali vile. Mankishi ya Wasongye, ambayo wakubwa wetu wanayasifu kila mwaka, ni ya mti, ndiyo. Lakini yamevalishwa ngozi, vitambaa, pembe, shaba, hata misumari ya dukani. Mganga alichukua kilichokuwa na nguvu, hakuuliza kilizaliwa inchi gani.

Watatujibu: mwacha mila ni mtumwa. Sawa kabisa. Lakini mila si kitu tulichoagizwa kukihesabu kama mali ya depo. Tumekwisha kuona matunda ya mawazo yale. Katika miaka ya 1970 kostimi na kravati zilikatazwa, tukavalishwa abakosti, tukaambiwa huo ndio uhalisi wetu. Na abakosti yenyewe ni nini? Koti lililofuata mfano wa koti la Mao, la China! Mwaka 1990 amri ililegezwa, na wengi waliokuwa wakihubiri uhalisi wakarudi kwenye kravati bila haya. Njo maana tunaogopa watu wanaotuambia mila ni hii, si ile, kwa kutazama kitambaa tu.

Iko neno moja la wakubwa ambalo tunalikubali. Mitumba ni aibu. Ndiyo, ni aibu. Kuanzia mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji ililazimisha babu zetu kulima pamba, na pamba ile ilikwenda Ulaya. Kalemie ilikuwa na Filtisaf, kiwanda cha kusokota na kufuma. Mashine zake zilinyamaza. Leo tunangoja balo zipite Kasumbalesa, tunainama juu ya lundo kuchagua. Ndugu zetu wa Zambia wanaziita salaula, maana yake kupekuapekua lundo. Watanzania waliziita kafa Ulaya, kama kusema mwenye nguo alikufia kule.

Lakini aibu haiponywi kwa kuificha nyuma ya pazia. Sanamu ya mti yenye umbo la zamani haisemi neno juu ya pamba ile, wala juu ya shimo lililomeza mtoto wa mtu. Ile ya mitumba ilisema yote mawili. Na kwetu, nguo ya marehemu haitupwi ovyo: kilio kikiisha, jamaa wanagawana. Yule mama hakuleta tambara. Alileta fungu lake la kilio, akatukabidhi sisi tunaojiita walinzi wa mila. Tukamrudishia likiwa limefumuliwa.

Hatusemi kila kirundo cha matambara ni sanamu. Kijana akifunga sweta juu ya waya bila ufundi, apate tu kumwuzia mgeni mwenye kamera, tumwambie ukweli. Tumpime kwa mishono yake, kwa umbo, kwa maana. Mwenye kuchonga mti vibaya naye tumpime vilevile.

Tunaomba mambo mawili tu. Katika maonyesho yanayokuja, kazi za nguo zipewe nafasi ndani ya sala, karibu na mti na malakiti, si nje karibu na mlango. Na kabla ya hayo, wakubwa wa chama, pamoja na sisi tulionyamaza, twende kwa yule mama, tukae chini, tumwombe radhi. Akikubali, vijana watashona tena shati lile. Asipokubali, nafasi ya sanamu ibaki wazi, na kila atakayeuliza aelezwe sababu.