Nokia Haikushindwa na Mashine

Katika mabaraza yetu ya Mombasa, Malindi na Lamu, simu ya Nokia ikitajwa watu hucheka kwanza, kisha husikitika. Hucheka kwa sababu kila mmoja ana kisa chake cha simu iliyoanguka kutoka darini, ikatawanyika vipande vitatu, betri huku na kifuniko kule, ikakusanywa, ikawashwa na ikalia kama kwamba hapakuwa na lililotokea. Husikitika kwa sababu simu za leo zikiteleza mkononi mara moja tu, mwenyewe huanza kuhesabu akiba yake. Na baada ya kicheko na masikitiko hutolewa hukumu moja ambayo mimi siikubali hata kidogo. Husemwa kwamba Nokia iliuawa na simu za kugusa za Wamarekani. Mashine mpya ilikuja, ya zamani ikafa, na huo ndio mwendo wa dunia.

Lau ingekuwa hivyo, kisa hiki kisingekuwa na faida yo yote kwetu. Lakini sivyo kilivyokuwa, na msomaji akiwa na subira kidogo ataona mwenyewe.

Kwanza tuijue asili ya kampuni hii. Nokia haikuzaliwa na simu. Mwaka 1865 mhandisi mmoja, Fredrik Idestam, alijenga kinu cha kusaga miti iwe malighafi ya karatasi kwenye maporomoko ya Tammerkoski, mjini Tampere, nchini Ufini. Kinu cha pili kilijengwa karibu na mji mdogo uitwao Nokia, na kutoka hapo jina likashika. Mwaka 1967 kampuni hiyo iliungana na kampuni ya mipira na kampuni ya nyaya, zikawa kitu kimoja. Mfini wa miaka hiyo ukimtajia Nokia, akilini mwake huja viatu vya mpira vya kuvaa wakati wa theluji na mvua, matairi ya magari na nyaya za umeme.

Kisha mambo yakaharibika. Mwaka 1991 Muungano wa Kisovieti, uliokuwa mnunuzi mkubwa wa bidhaa za Ufini, ulisambaratika, na uchumi wa nchi ukayumba. Mwaka uliofuata Jorma Ollila alikabidhiwa usukani wa Nokia akaamua jambo zito: biashara za zamani ziachwe moja baada ya nyingine, na nguvu zote zitiwe katika simu na mitambo yake. Hakuwa anabahatisha. Tarehe 1 Julai 1991 Harri Holkeri, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Ufini, alikuwa amekwisha piga simu ya kwanza ya dunia kwa mtindo wa GSM, na mitambo iliyotumika ilikuwa ya Nokia. Kufika mwaka 1998 kampuni hiyo iliipita Motorola ya Marekani ikawa ya kwanza duniani kwa kuuza simu za mkononi. Mwaka 2000 kampuni moja tu ilichangia kiasi cha asilimia 4 ya pato la nchi nzima. Na mwaka 2007 ulipokuwa ukimalizika, katika kila simu 10 zilizouzwa duniani, 4 zilikuwa zake.

Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa habari za enzi hiyo, maana tuliiona kwa macho yetu. Kampuni za simu za mkononi zilipoanza kutanda nchini kuanzia mwaka 2000, Nokia ndiyo iliyokuwa simu. Mlio wake, ambao asili yake ni kipande cha muziki cha mpiga gitaa wa Kihispania Francisco Tárrega, ulisikika sokoni, kwenye kivuko cha Likoni, na hata msikitini pale mtu alipojisahau akaingia katika sala bila ya kuuzima. Mwaka 2003 ilitoka simu ya 1100, yenye tochi kichwani na vibonyezo vilivyozuia vumbi. Wakenya wakaibandika jina la "mulika mwizi". Simu hiyo ilipata wanunuzi zaidi ya milioni 250 ulimwenguni, na hakuna simu nyingine iliyouzwa zaidi yake.

Hebu tuizingatie simu hiyo, kwani siri yote imo ndani yake. Aliyeibuni alikuwa amemfikiria mtu asiye na umeme nyumbani, mtu anayetembea njia ya vumbi usiku, mtu asiye na pesa za kununua simu nyingine mwakani. Huyo ni mvuvi wa Vanga na muuza madafu wa Kilifi. Huko ndiko kusikiliza watu. Na maadam Nokia ilikuwa ikiwasikiliza watu, hakuna aliyeweza kuigusa.

Sasa tuje kwenye anguko. Je, ni kweli kwamba Nokia hawakujua kwamba simu za kioo cha kugusa zinakuja? La hasha! Mwaka 1996 walikuwa wamekwisha toa simu ya kutumia barua za kompyuta na faksi. Mwaka 2005, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya Steve Jobs kuionyesha iPhone, Nokia walikuwa wakiuza kifaa chenye kioo cha kugusa cha kuingilia intaneti. Wahandisi walikuwapo, fedha zilikuwapo, na elimu ilikuwapo. Kilichokosekana ni kitu ambacho hakinunuliwi dukani.

Mwaka 2016 wataalamu wawili, Timo Vuori na Quy Huy, walichapisha uchunguzi wao juu ya jambo hili baada ya kuwahoji watu 76, wakiwamo wakubwa wa Nokia, mameneja wa kati, wahandisi na watu wa nje. Waligundua kwamba ndani ya jumba lile kulikuwa na hofu. Wakubwa waliwaogopa washindani na wenye hisa, kwa hiyo wakawakazania walio chini yao watoe simu mpya haraka. Walio chini waliwaogopa wakubwa, ambao baadhi yao walikuwa wakali wa kupayuka, kwa hiyo wakawa wanawaletea habari tamu tu. Programu ya Symbian iliyoendesha simu zao ilikuwa imechakaa na haikuifaa kazi mpya, na mafundi walilijua hilo. Lakini nani atakwenda kumwambia mkubwa kwamba mtumbwi unavuja, ilhali aliyesema jana alifokewa mbele ya wenzake? Basi kila mtu akasema bahari ni shwari, na maji yakaendelea kupanda.

Ndiyo maana nasema Nokia haikushindwa na mashine. Ilishindwa na ulimi uliofungwa.

Dalili ya pili ya maradhi hayo tuliiona hapa hapa Afrika, wala haihusu vioo vya kugusa. Mkenya wa kawaida alikuwa na laini mbili au tatu, kwa sababu kupiga simu kutoka kampuni moja kwenda nyingine kulikuwa ghali. Alikuwa akifungua simu yake mara kadha kwa siku, kutoa kadi hii na kutia ile, mpaka kifuniko kikalegea. Alihitaji simu ya laini mbili. Hilo halikuhitaji hekima ya Sulaiman. Lilihitaji mtu wa kukaa na muuza simu wa Biashara Street kwa nusu saa akamsikiliza. Wachina walimsikiliza. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, iliyoanzishwa mwaka 2006, ilileta Tecno zake na Itel zake zenye laini mbili, na baadaye kamera zilizotengenezwa zionyeshe vizuri sura ya mtu mweusi. Nokia, iliyokuwa imetandaza simu zake duniani kote, haikutangaza simu ya laini mbili mpaka mwaka 2010. Kufikia hapo mgeni alikuwa amekwisha karibishwa ndani, amekula na amenawa.

Mwaka 2011 walijaribu kuwarudia watu wa kipato cha chini kwa jamii ya simu walizoziita Asha. Wao walilichukua neno hilo katika Kihindi, ambako maana yake ni tumaini, lakini kwetu lilisikika kama jina la binti wa jirani. Zilikuwa simu nzuri za bei ya kadiri. Lakini tumaini likichelewa hugeuka faraja, na faraja haifufui biashara.

Mwaka huo huo mkuu mpya wa kampuni, Stephen Elop, aliyetoka Microsoft, aliwaandikia wafanyakazi barua iliyovuja ikasomwa na dunia nzima. Aliwafananisha na mtu aliyesimama juu ya jukwaa la kuchimbia mafuta linalowaka moto katikati ya bahari ya baridi, hana budi kuruka. Baada ya siku chache ilitangazwa kwamba Nokia itaachana na Symbian na kutumia programu ya Microsoft. Ukweli ambao kwa miaka hakuna aliyethubutu kuunong'ona ulitangazwa kwa baragumu, tena kabla simu mpya hazijawa tayari. Nani basi atanunua simu ambayo mwenyewe aliyeitengeneza amekwisha sema haina kesho? Mapema mwaka 2012 Samsung iliipita. Ukweli una wakati wake. Ukifichwa mno, siku ya kutoka hutoka kama mwizi, na kuvunja mlango.

Yaliyofuata yanajulikana. Microsoft ilikubali mwaka 2013 kuinunua biashara ya simu kwa zaidi ya Euro bilioni 5, na mwaka 2014 mauziano yakakamilika. Mwaka 2015 Microsoft ilikiri hasara ya Dola bilioni 7.6 kwa ununuzi huo na kuwafukuza kazi watu 7,800. Mji wa Salo, ulioishi kwa kiwanda cha simu, ulishuhudia kiwanda hicho kikiacha kuunda simu mwaka 2012. Mabaraza hayataji Salo, lakini mimi naitaja, kwa sababu wakubwa wanapoogopa kusikia, anayelipa ni mfanyakazi ambaye hakuwahi kuulizwa.

Mwaka 2016 Wafini wengine waliunda kampuni ya HMD wakapewa ruhusa ya kulitumia jina la Nokia juu ya simu. Mwaka 2017 walitoa 3310 mpya, kwa kuikumbuka ile ya mwaka 2000, na magazeti yakashangilia. Wapo wanaosema huko ndiko kufufuka. Mimi sioni hivyo. Kuuza kumbukumbu ni kama kuuza picha ya marehemu: watanunua waliomjua tu, na idadi yao hupungua kila mwaka. HMD wenyewe walianza mwaka 2024 kuuza simu zenye jina lao, na mwenye akili ataelewa maana ya hatua hiyo.

Lakini Nokia yenyewe haikufa, na hapa ndipo penye mafunzo. Baada ya kuiuza biashara ya simu ilirudi kwenye mitambo na nyaya. Mwaka 2016 iliichukua Alcatel-Lucent ya Ufaransa, na leo hujenga minara na njia ambazo mazungumzo ya watu hupitia. Kampuni iliyoacha karatasi, ikaacha mipira, imeiacha na simu pia. Hao wanaoililia wanalilia nguo, na mwenye nguo yu hai.

Ibn Khaldun, mwanachuoni aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliandika katika Muqaddima yake kwamba dola hujengwa na watu wenye mshikamano waliozoea shida, kisha hurithiwa na waliozaliwa katika raha, na kizazi cha tatu huwa kimesahau hata jinsi ya kujitetea. Alikuwa akisema juu ya wafalme, lakini atakayelipima neno lake kwa Nokia ataona kwamba mizani yake haijapata kutu. Kizazi kilichoonja njaa ya mwaka 1991 ndicho kilichojenga. Kilichofuata kilikuta meza imeandaliwa.

Nasi tutazame kwetu. Pwani hii ina maduka yaliyokuwa yakitajwa kutoka Lamu hadi Lunga Lunga ambayo leo yamebaki ubao wa jina. Ina vyama na jumuiya ambazo mwenyekiti akikohoa wajumbe hupiga makofi. Ina nyumba ambamo kijana anajua kwamba biashara ya baba inazama, naye hasemi, maana kusema kutaitwa utovu wa adabu. Tunawafundisha watoto heshima, na ni wajibu wetu. Lakini heshima isiyompa mdogo nafasi ya kumwambia mkubwa, kwa upole na kwa faragha, kwamba mambo hayaendi sawa, si heshima; ni hofu iliyovishwa kanzu.

Mkubwa anayetaka jina lake lidumu na amtafute mtu mmoja katika kazi yake asiyemwogopa, amketishe karibu, na siku atakapoambiwa neno chungu alimeze asimtemee aliyelileta. Nokia ilikuwa na maelfu ya watu waliojua. Ingetosha kama mmoja angesema, na mmoja akamsikiliza.