Acheni kunitajia kumi na moja

Jamani, leo sisomi. Nilipanga kumaliza ripoti ya maabara, lakini nimetoka kantini nimevimba kwa hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Ni mwezi wa saba. Msimu wa futiboli ya Kimarekani unaanza mwishoni mwa mwezi wa nane, na hapa chuoni hakuna habari nyingine. Kila meza ina kocha wake. Hujaweka hata sinia chini, jamaa anakuuliza: "Ulinzi wetu mwaka huu, nani wataanza?" Kabla hujajibu anakutajia mwenyewe: wanne wa mbele, lainibeka watatu, wanne wa nyuma. Kumi na moja, hesabu imefungwa. Hata sisi watu wa Afrika Mashariki, tuliofika hapa tukiucheka mchezo huu wa kuvaa helmeti, sasa tuna orodha zetu kwenye simu. Mimi nasema orodha hizo ni upuuzi, tena upuuzi wenye madhara.

Tuanze na mpira wenyewe. Wanne, watatu, wanne ni hesabu ya zamani. Siku hizi wapinzani wanaweka wapokeaji watatu karibu mechi nzima, kwa hiyo lainibeka mmoja anatoka na beki wa tano anaingia. Huyo ni mwanzaji au si mwanzaji? Na yale majitu ya mbele yenye kilo 140 hayachezi mfululizo. Yanapokezana kama watu wanaosukuma gari lililokwama kwenye tope.

Mnapenda kunitajia Georgia ya 2021. Haya, tuitazame. Walinzi wao watano walichukuliwa raundi ya kwanza ya drafti ya NFL mwaka 2022, Travon Walker akiwa wa kwanza kabisa. Lakini Jordan Davis, jitu lao la katikati, alikuwa anatolewa mara nyingi wapinzani wanapotaka kurusha. Channing Tindall hakuwa mwanzaji wa kudumu, na bado Miami wakamchukua raundi ya tatu. Wote hao wakaondoka. Wenye orodha wakasema ulinzi umekwisha. Septemba 2022 Georgia wakafungua msimu kwa kuipiga Oregon 49-3, na Januari 2023 wakabeba ubingwa tena kwa kuipiga TCU 65-7. Nani aliwafanyia kazi hiyo? Wengi wao walikuwa wale ambao mwaka uliotangulia hamkuwa na nafasi yao kwenye karatasi.

Mtaniambia, "Kaka, huo ni utani wa kantini tu, na kocha naye si lazima achague kumi na moja?" Ni kweli, kocha lazima achague. Ila yeye anachagua akiwa amewaona wote. Wewe unachagua kwa majina uliyoyasikia.

Sasa nije kwenye kinachoniuma.

Mwenzangu wa chumba alikuwa lainibeka wa kujileta, yaani hana udhamini wa masomo na hakuna aliyemwita. Miaka miwili aliamka saa kumi na moja alfajiri, baridi au mvua, akijifunga viatu gizani ili asiniamshe. Kazi yake mazoezini ilikuwa kuigiza mpinzani wa wiki ili wale kumi na moja wenu wajifunze kwa kumgonga. Hakucheza hata mechi moja.

Zamani chuo kilifadhili wachezaji 85 na waliojileta wakaongezwa juu yao. Mwaka 2025 ukaja ule mkataba wa kesi ya vyuo kuwalipa wachezaji, na vyuo vilivyojiunga vikawekewa kikomo cha watu 105. Jaji Claudia Wilken alikataa kuupitisha mpaka vyuo viruhusiwe kuwarudisha waliokatwa bila kuwahesabu ndani ya 105. Lakini hiyo ni ruhusa tu, si lazima. Mwenzangu alikatwa, akasubiri simu kiangazi kizima, na simu haikulia.

Sidai kwamba angekuwa nyota. Ninachosema ni kwamba siku walipokatwa, hapa chuoni hakuna aliyeuliza. Watu walioweza kubishana saa mbili juu ya beki wa kona hawakujua kwamba kuna watu wameondoka. Wangejuaje, wakati kwao timu inaishia mtu wa kumi na moja?

Na msidhani wa kujileta ni wa kubeba chupa za maji tu. J.J. Watt alijileta Wisconsin, na mwaka 2011 akawa wa 11 kwenye drafti. Clay Matthews alijileta USC, akawa mwanzaji mwaka wake wa mwisho tu, na 2009 Green Bay wakamchukua raundi ya kwanza. Mwezi wa saba wa mwaka wake wa kwanza pale, nani kati yenu angemwandika?

Kwa hiyo ukija mezani kwangu na orodha yako, nitakuuliza swali moja tu: lainibeka wa tatu nafasi ya katikati anaitwa nani? Ukimjua, karibu, vuta kiti tule. Usipomjua, mazoezi yanaanza mwezi wa nane. Nenda ukajifunze majina ya watu kwanza, halafu uje unifundishe ulinzi.

Haya, narudi kwenye ripoti yangu. Kwa leo nimemwaga ya moyoni.