Degedege si la kunyweshewa dawa

NI usiku wa manane. Mtoto wa miaka miwili amekuwa akichemka homa tangu jioni. Ghafla mwili unamkakamaa, macho yanamgeuka, mikono na miguu inamtukutika. Mama anapiga mayowe. Majirani wanafurika chumbani, kila mmoja na lake la kusema.

Msomaji, kisa hiki si kigeni kwako. Huku kwetu tunaita degedege. Kusini magharibi mwa Nigeria, Wayoruba huita giri. Na kule, kama huku, wapo wazee wanaoshikilia kwamba maradhi haya si ya hospitali.

Dawa ya giri iliyovuma sana kule ni mkojo wa ng'ombe uliochanganywa na majani ya tumbaku, vitunguu na mitishamba mingine. Mtoto hunyweshwa kwa nguvu, ilhali hana fahamu. Wengine humchoma nyayo kwa moto ili azinduke.

Hapo ndipo balaa huanza. Tangu miaka ya 1970 wataalamu wa Nigeria wamekuwa wakionya kwamba mchanganyiko huo ni sumu. Hushusha sukari mwilini na kudhoofisha pumzi. Degedege la homa mara nyingi hukoma lenyewe baada ya dakika chache. Lakini mtoto aliyenyweshwa dawa hiyo huweza kufikishwa hospitalini akiwa mahututi, na daktari akajikuta anapigana na maadui wawili: ugonjwa wenyewe na sumu ya nyumbani.

Katika chumba cha dharura, kwanza huhakikishwa kwamba mtoto anapumua. Hupewa oksijeni, hupimwa sukari, na ikiwa imeshuka hutiwa glukosi mshipani. Degedege likiendelea, hupewa dawa ya kulituliza. Kisha husakwa kiini: je, ni malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo?

Tiba ipo. Mwaka wa 2010 ulichapishwa utafiti uliohusisha watoto 5,425 barani Afrika, wakiwemo wa Ilorin nchini Nigeria na wa Kilifi hapa kwetu. Sindano ya atesuneti ilipunguza vifo vya malaria kali kwa zaidi ya sehemu moja ya tano ikilinganishwa na kwinini. Yaani, zaidi ya kifo kimoja katika kila vitano kiliepukwa. Lakini sindano itamfaa nini mtoto aliyecheleweshwa?

Tusiwacheke Wayoruba. Mama anayeona mwanawe akitukutika hushika lolote analopewa.

Basi siku ikikufika, mlaze mtoto kwa ubavu, mlegeze nguo, wala usimtie kitu chochote kinywani, iwe dawa, maji au kijiko. Kisha mkimbize hospitali, hata kama ametulia. Na mtoto mwenye homa akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu au akilegea asiamke, usingoje kupambazuke.

Ngoja ngoja huumiza matumbo.